Bango Mbele ya Nyumba

Mama alilipa dola tisini ili niingie katika chama cha wanafunzi bora. Barua yao ilikuwa na muhuri wa dhahabu, ikasema nimeteuliwa kwa alama zangu. Hela hizo alikuwa ameziweka atibiwe jino. Tulipata cheti na bango la plastiki lenye jina langu, Corinne, na Mama akalichomeka kwenye nyasi mbele ya nyumba, kila apitaye alione.

Jumanne ikaja barua nyingine yenye muhuri uleule. Safari hii ilimteua kaka yangu Travis, aliyeacha shule mwaka juzi.

"Kumbe na mimi bingwa!" Travis akacheka. "Mama, nipigie makofi basi!"

Mama hakucheka. Alinigeukia, mkono shavuni. "Ulimwonyesha mshauri wa shule kile cheti?"

Nilikuwa nimemwonyesha mwezi uliopita, nikamficha Mama majibu yake kwa kumhurumia. "Alisema vyuo havikijali. Anayelipa ndiye anayeingia."

"Na ukaniacha niringe kanisani?"

Hasira ilinipanda, juu ya chama kile na juu yangu mwenyewe. Mimi ninayeogopa hata kuagiza piza kwa simu nilitoka, nikaling'oa bango majirani wakitazama. Nililigeuza, nikaandika kwa rangi nyekundu: UKIPATA BARUA YA MUHURI WA DHAHABU, USILIPE. SISI TULILIPA. Kisha nikalichomeka tena palepale.

Mama alilisoma akiwa kibarazani, kisha akashuka na nyundo.

"Nipishe hapo, mwanangu. Litaanguka hilo, hujalichomeka vizuri."