Nesi wa Mbeya

"Andika sentensi moja tu," alisema Mwalimu Agnetha. "Moja. Mtu unayempenda, yukoje?"

Minza alikuwa amelaza shavu juu ya meza kama anayesikiliza kitu ndani ya mbao. Alikuwa na miaka kumi na sita, yuko kidato cha tatu, na tangu masika yaanze alikuwa amevumbua njia nyingi za kukwepa masomo. Mara kalamu imekauka, mara kichwa kinauma, mara mbuzi wa jirani wameingia bustanini. Leo hakutafuta kisingizio. Ukurasa wa insha ya Kiingereza ulikuwa mweupe mbele yake, naye aliuacha hivyo.

"Kiingereza changu hakimtoshi," alisema mwishowe.

"Hakimtoshi nani?"

Minza akafumba macho.

Agnetha alishusha pumzi, kisha akafanya kile alichokifanya kila binti huyu alipogoma. Alimleta Evelina, binti yake, kwenye mazungumzo.

"Evelina wangu naye Kiingereza kilimsumbua. Lakini jogoo wa kwanza hakumkuta kitandani. Leo yuko wodini kule Mbeya, gauni jeupe, na madaktari wenyewe wanamsikiliza. Unafikiri alizaliwa nalo gauni lile?"

Nesi huyo hakuwepo duniani. Alizaliwa siku Mzee Seni, baba yake Minza, alipomwita Agnetha nyumbani kwake mtaa wa Viwanja Sitini na kumpa kazi. Mzee alikuwa Msukuma aliyeshuka bondeni na ng'ombe wake miaka mingi iliyopita. Mkewe Nyamizi alibaki na mifugo ng'ambo ya kijiji cha Michenga, na nyumba ya mjini ilijengwa kwa ajili ya shule ya Minza. "Mfundishe vitabu," alisema siku ile, "na umfundishe mji." Kisha, kwa wema tu, akauliza, "Na wa kwako, mwalimu, wamefika wapi?"

"Ninaye mmoja," alijibu Agnetha. "Ni nesi, Mbeya." Neno lilimtoka kama chafya. Baada ya hapo alilazimika kulivisha nguo, kulipangia zamu za usiku, hata kulipatia mwandiko mzuri.

Ukweli ni kwamba Evelina alipata mimba akiwa kidato cha tatu, katika shule ileile aliyokuwa akifundisha mama yake. Agnetha alivumilia minong'ono ya ofisi ya walimu kwa wiki moja, kisha akatoa godoro la mwanaye nje ya mlango. Hakumpiga wala hakupiga kelele. Alilitoa tu, akaegemeza mlango. Baadaye alisikia kwamba binti yuko ng'ambo ya daraja la mtoni, kijijini Lupiro, kwa watu wanaokausha samaki, na kwamba amejifungua mtoto wa kike. Hakuwahi kwenda.

Lakini Agnetha alimfundisha Minza vizuri, hilo hata yeye mwenyewe alilijua. Alimfundisha milinganyo, na namna ya kupiga pasi sketi ya marinda. Alimfundisha kumtazama mtu wa ofisini usoni anapomsalimia, kutotaja namba ya siri ya simu, kukataa lifti ya bodaboda bila kugombana. Binti alipokosea, Agnetha alisema, "Haya, tena," kwa sauti ambayo Evelina hakuwahi kuisikia. Sauti hiyo ndiyo iliyomkosesha usingizi.

"Samaki wakavu! Kambale! Perege!"

Sauti ilitoka getini, na Agnetha aliijua kabla haijamaliza neno la kwanza.

"Muuza samaki, ingia!" aliita Mzee Seni. Alikuwa amefika jana kutoka kwenye ng'ombe, akakaa upande wa pili wa baraza akisafisha redio yake kwa kitambaa.

Mwanamke kijana aliingia, akapiga goti, akateremsha beseni. Alikuwa amekonda mabegani, na kanga yake ilinuka moshi. Alifunua samaki, akainua uso, akamwona mama yake. Mikono yake ikasimama.

"Shikamoo, mama," alisema.

Mwanamke yeyote wa rika la Agnetha angesalimiwa hivyo. Neno lile halikumfunga mtu.

"Marahaba," alijibu Agnetha.

Mzee Seni alichagua kambale wawili, akawanusa, akaridhika. "Umetoka nao wapi, binti?"

"Lupiro, baba."

"Na jua hili lote! Pole sana." Alimwonea huruma kwelikweli. Kisha akamgeukia mwanaye. "Minza, unaona? Kalamu ukiikataa, utakutana na beseni. Au siyo, mwalimu? Mwambie wewe, mimi hanisikii."

Evelina alikuwa akiwafunga samaki kwenye gazeti. Vidole vyake vilipunguza mwendo.

"Ndiyo," alisema Agnetha. "Usiposoma, ndiyo hii."

Evelina alimaliza kufunga. Alipokea hela, akazipachika kwenye pindo la kanga bila kuzitazama. Kwa kawaida muuzaji huomba atwishwe. Yeye hakuomba. Aliliinua beseni peke yake, akayumba kidogo, akalikalisha kichwani. Minza aliruka kumsaidia lakini alichelewa. Geti lilifungwa polepole, bila kishindo.

Mzee Seni aliingia ndani na samaki wake. Minza alibaki amesimama.

"Alisikia," alisema.

"Nani?"

"Yule dada. Baba hakumwangalia. Wewe ulikuwa unamwangalia usoni, mwalimu, halafu ukasema."

"Kaa tuendelee."

"Mayu anabeba maziwa." Minza alimwita mama yake kwa Kisukuma, na sauti yake ilianza kukatika. "Kila asubuhi, toka zizini mpaka barabarani, ndoo kichwani. Kwa hiyo na yeye ndiyo hii? Kila siku mnaniambia nisome nisije nikawa hivi. Hivi ni mayu! Unaniambia niandike mtu ninayempenda. Nikimwandika, utasema nimeandika mfano mbaya. Kila kitabu ninachofungua naona kama namsogeza mbali."

Agnetha alitazama ukurasa mweupe. Miezi yote alidhani ni uvivu. Alitaka kusema kitu cha kiualimu, chenye mwanzo na mwisho. Alichosema ni hiki:

"Yule dada ni Evelina."

"Evelina yupi?"

"Wangu. Nilikwambia ninaye mmoja."

"Yule nesi?"

"Hakuna nesi."

Minza alicheka, cheko fupi lisilo na furaha. "Mimi nimemchukia yule nesi tangu masika. Nilikuwa namwota, anakuja kunikagua kucha." Akajifuta macho kwa kiganja. "Mkimbilie basi! Hajafika mbali."

Agnetha hakukimbia. Aliona aibu kukimbia mbele ya majirani, na alipoitambua aibu hiyo kuwa ni ileile iliyotoa godoro nje, aliinuka. Alipofika barabarani, alikuta vijana wawili wakiziba pancha ya baiskeli na mama mmoja akianika mpunga kwenye turubai. Hakuwauliza kitu. Angeuliza amepotelewa na nani?

Asubuhi iliyofuata alirudi na kumkuta Mzee Seni akiosha pikipiki. Alimweleza yote, akiwa amesimama. Mpira wa maji mkononi mwa mzee uliendelea kumwaga mahali pamoja mpaka udongo ukachimbika.

"Kwa hiyo maneno yale nilimtupia mwanao," alisema mzee.

"Hukujua. Mimi nilijua."

Alifunga bomba. "Ng'ombe wangu akipotea, mwalimu, naweza kulala porini nikimtafuta. Sijawahi kusema sikuwa na ng'ombe." Hakusema kwa ukali, na hilo liliuma zaidi. "Nenda kwanza. Habari ya masomo tutaiongea ukirudi. Sijui nitasema nini."

Minza alimsindikiza hadi barabarani. Alimsimamishia bodaboda mwenyewe, akapatana naye bei huku akimtazama usoni, kama alivyofundishwa. Agnetha alipokwisha kupanda, binti alishika mkono wa kikapu chake.

"Mwalimu. Ukifika, usiende kumfundisha."

Njia nzima, juu ya daraja na maji ya kahawia chini yake, kisha katikati ya mashamba ya mpunga, Agnetha alipanga maneno. Alipofika Lupiro na kuelekezwa penye moshi, hakuna hata moja lililobaki.

Evelina alikuwa ameketi kwenye kigoda, akipasua perege.

"Karibu," alisema bila kuinuka.

"Asante. Jana…"

"Jana nilikuamkia." Kisu kiliendelea. "Nilikuamkia, nikasubiri. Nikasema labda ataniita jina. Hata angeniita kwa hasira. Nikawafunga wale samaki polepole ili upate nafasi."

"Niliogopa."

"Nini?"

Majibu yalikuja mengi, yote mazuri, yote yakiwa na sababu. Agnetha aliyaacha yapite.

"Niliogopa wajue kwamba nilikufukuza. Nilikuwa nimewaambia una kazi. Nimewaambia wewe ni nesi."

"Wapi?"

"Mbeya."

Evelina alitupa matumbo ya samaki kwenye ndoo. "Kule baridi," alisema. Akavuta perege mwingine, akauliza, "Huyo nesi anaitwa nani?"

"Evelina."

Kisu kilisimama, kikaendelea tena. "Ungempa jina lingine, mama. Hilo ningebaki nalo mimi."

Agnetha alipiga magoti kwenye magamba ya samaki. "Nisamehe, mwanangu."

"Inuka, utachafua gauni." Evelina alitazama pembeni, kwenye vichanja vya kukaushia. "Sijui. Sijui kama naweza, na leo nina samaki hawa, wataoza nikianza kufikiri. Kaa, kama unakaa."

Agnetha alivuta kigoda kingine. Aliomba kisu, akanyimwa. Aliomba basi achote maji, akaonyeshwa ndoo kwa kidevu. Alikwenda kisimani na kurudi, na walikaa vile kwa muda mrefu, mmoja akipasua, mwingine akisuuza.

Kisha mtoto wa kike akatokea kwa jirani, miguu yake imejaa vumbi, anatafuna muwa. Alisimama ghafla alipomwona mgeni. Akamtazama mikono, kisha viatu, kisha uso.

"Mama," aliuliza, "huyu bibi ni nani?"

Evelina hakugeuka. "Muulize mwenyewe."

Mtoto alisogea hatua moja, akasubiri. Maji ya muwa yalimtiririka hadi kwenye kiwiko, na hakuyafuta. Agnetha alifungua kinywa. Nyuma yake, kisu kilikuwa kimenyamaza.