Kaburi Lililovaa Shanga

Mimi Mwahija sina kifua cha kuficha mambo, na shemeji yangu Ismaili simtaji kwa wema. Wanaomwonea huruma wamwonee wao. Mdogo wangu Kidawa alimpenda mwanamume yule kupita kiasi, na mapenzi hayo ndiyo yaliyompeleka makaburini kuokota shanga.

Mwaka ule Ismaili alikuwa kwao Pande, Kilwa, amepelekwa pamoja na wenzake kujenga nyumba za kijiji cha ujamaa. Kidawa alibaki hapa Mtanda, mjini Lindi, akimngoja. Mwanamke wa pwani humpokea mumewe na shanga kiunoni, hilo halina mjadala. Lakini za kwake zilikuwa zimekatika, Wahindi walishafunga maduka yao, na duka la ushirika lilikuwa na chumvi na majembe tu.

Nyuma ya nyumba zetu kuna makaburi ya zamani ya Wazungu. Mmoja wao ni Mfaransa wa shamba la mkonge. Mjane wake alimwekea maua ya kauri, na juu yake taji kubwa la shanga ndogo za kioo, samawati na zambarau, zimetungwa kwenye waya. Mzee Evaristo, Mmakonde aliyekuwa akifagia pale, alimweleza Kidawa kwamba ndiyo desturi ya Wafaransa: ua la mti hunyauka, la shanga hukaa. Shamba lilipotaifishwa mjane akarudi kwao, hewa ya chumvi ikala waya, shanga zikawa zinamwagika mchangani. Mzee akamwambia aokote tu, mwenyewe harudi tena. Kidawa akaokota hadi punje ya mwisho. Nilimgombeza, nikamwambia vya maiti havivaliwi. Akanicheka, akatunga.

Ismaili alirudi mchana, bila kupiga hodi, akamkuta anabadili kanga, shanga zile kiunoni.

Nilisikia kilio nikiwa uani kwangu natwanga. Nikatoka mbio na mchi mkononi. Nilimkuta Ismaili amemkandamiza kifuani kwa magoti, mkono shingoni, na mdomo wa Kidawa umejaa damu. Alikuwa anauliza neno moja tu, nani amekupa. Kidawa anajibu ni taji la kaburi la Mfaransa, na kila akijibu anapigwa. Nilimshushia mchi mgongoni. Akageuka, akanipiga teke la tumbo, nikaanguka chini. Nikamwambia nikiwa palepale kwamba mkewe anasema kweli, hata mimi najua.

"Dada mtu atasema nini tena?" akanijibu. "Kwetu Kilwa kaburi linatiwa bakuli la kauri. Shanga ni za kiuno. Kaburi gani lina kiuno?"

Na mkosi wetu ulikuwa hapo, maana siku ile ungemwuliza mtu yeyote wa pwani hii, angesema vilevile.

Akachukua panga nyuma ya mlango, akamburura Kidawa kwa nywele hadi makaburini, ati amwonyeshe hilo kaburi lenye shanga. Wanaume walikuwa barazani wanatazama. Wakasema ya mume na mke hayaingiliwi. Mungu awaone. Mimi nilifuata nyuma nimeshika tumbo.

Kaburini tulikuta maua ya kauri yaliyovunjika na waya mtupu wenye kutu. Hata shanga moja haikuwepo. Ismaili akacheka, na kicheko kile kilinitisha kuliko panga.

Mzee Evaristo akaja na ufagio wake. Alipoona damu alisahau kila kitu ila kumwokoa yule mtoto wa watu.

"Mwache, bwana, hana kosa," alisema. "Zile za samawati na zambarau nazijua. Nilimpa mimi."

Jamani! Mwanamume asiye mume kutaja rangi ya shanga za kiunoni mwa mke wa mtu!  Panga lilimshukia mzee shingoni. Akainua mkono, vidole vikaruka. Kidawa akamlalia mzee, naye akakatwa mkono hadi mfupa ukaonekana. Niliokota kipande cha kauri nikampasua Ismaili uso. Hapo ndipo alipotupa panga kichakani akakimbia. Wale wa barazani, waliosema hayaingiliwi, ndio waliomkamata wakampiga mpaka askari walipowanyang'anya. Mzee Evaristo alikata roho mapajani mwangu.

Kesho yake askari walimleta Ismaili na pingu awaonyeshe alikotupa panga. Kidawa na mimi tuliitwa pia. Walipofyeka kichaka wakakuta kaburi dogo ambalo hakuna aliyelijua, la mtoto wa yule Mfaransa, jina la ukoo lilelile jiweni. Juu yake palikuwa na sanduku la bati lenye kioo, na ndani yake taji la shanga, zima, samawati na zambarau.

Ismaili alilitazama taji lile. Akaanza kulia, akimwita Kidawa mke wangu, kumbe ulisema kweli, nisamehe.

Taya la Kidawa lilikuwa limevimba, maneno yakitoka kwa shida.

"Mimi nilikwambia nikiwa hai, hukuniamini," alisema. "Umemwamini mtoto wa Mfaransa aliyekufa. Nipe talaka yangu."

Akaitoa palepale, mbele ya askari. Nikamshika mdogo wangu mkono ule mzima, tukaenda kwa watoto wa Evaristo kukaa matanga.