Dawa Inayofuta Alama

Mtaani walimwita Mama Arnika, kwa sababu ya ua alilolifuata mlimani kila kiangazi: ua la manjano, jamaa wa alizeti ila dogo, linaloota huko juu ambako miti imeshakata tamaa. Alilikausha, akaliloweka kwenye mafuta, kisha akachanganya na nta. Ukijigonga ukapaka, palipovilia damu palififia upesi. Wabeba mizigo na wacheza mpira walimjua. Dawa hiyo kuinywa aliwakataza, maana ikiingia tumboni ni sumu.

Mteja wake mkubwa alikuwa mdogo wake wa tumbo moja, fundi cherehani kwenye karakana ya sare za shule. Mara kabati limemgonga, mara kateleza ngazini. Mama Arnika alimtania kwamba macho yake ni ya mapambo tu. Walicheka wote wawili, na kopo la dawa likaondoka.

Mchana mmoja akaja shemeji yake, mume wa huyo mdogo. Alikuwa fundi saa, mpole, mtu ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti. Aliamkia kwa heshima, akaeleza kwamba mkewe kajikwaa, na keshokutwa wana harusi ya ndugu.

"Kaumia wapi?"

"Begani. Na shingoni kidogo."

Mama Arnika akauliza mtu anajikwaaje akaumia shingo. Shemeji akatabasamu.

"Dawa yako kiboko, shemeji. Siku chache tu, hata alama huioni."

Alisema kama anayesifu mapishi. Mama Arnika akamwambia dawa imekwisha, na makopo yamejipanga rafuni nyuma yake. Yule bwana akayatazama, akashukuru, akaenda zake.

Hapo ndipo Mama Arnika alipoingiwa na hofu. Hasira za kunyimwa kopo, yule bwana angekwenda kummalizia nani? Akafunga duka, aproni ikiwa bado kiunoni, akakimbilia karakana.

Mdogo wake alikuwa kwenye cherehani, kajifunga skafu shingoni na joto lote lile.

"Twende kwangu," Mama Arnika akamwambia.

"Nipe kopo uende, dada."

"Sikupi tena."

"Unataka watu wanione hivi?"

"Ndiyo. Mficha uchi hazai, mdogo wangu. Na mimi nimekusaidia kuuficha."

Mdogo mtu akamwambia kwa sauti ya chini kwamba amemdhalilisha mbele ya wenzake. Cherehani za jirani zilikuwa zimenyamaza. Msimamizi, mama wa makamo, akaja, akaifungua ile skafu taratibu, akaangalia. Akachukua mkoba wake, akasema hospitali wanakwenda wote watatu, kisha polisi.

Daktari aliandika alichokiona. Fundi saa akaitwa kituoni, akahojiwa, akaachiwa kusubiri kesi. Saa za watu akaendelea kuzitengeneza, na wateja hawakupungua. Mdogo mtu alikaa kwa dada yake wiki nzima bila kumsemesha, chakula akila kwa kumpa mgongo. Ndugu walipiga simu mmoja mmoja kumlaumu Mama Arnika kwamba kavunja nyumba ya watu.

Mwisho akapiga mama yao, akitaka kuongea na mdogo. Alimweleza kirefu kwamba ndoa ni kuvumiliana. Mdogo alimsikiliza mpaka akamaliza, akamuaga kwa adabu, akaiweka simu mezani.

"Dada," akasema, "una kitanda kingine, au nitafute?"

"Ni hicho kimoja. Tutabanana."