Kifaranga Juu ya Jeneza

Akiwa hai, Jomar hakuwahi kukohoa. Alivuta dawa za kulevya aina ya shabu, alivuta vipisi vya sigara vya kuokota, akalala kwenye maji ya mafuriko ya Navotas, mji wa wavuvi kando ya Manila, mwaka nenda mwaka rudi, na kifua chake kikabaki kizima. Lakini tangu azikwe, alikuwa anakohoa. Kila alfajiri, mama yake alipowasha jiko kukaanga samaki mkavu, alimsikia nyuma ya ukuta wa bati: koh, koh, halafu kimya, kama mtu anayeona haya kuwasumbua wenzake.

Mama Charing alijua ugonjwa huo mwanawe kaupata wapi. Aliyempa ni yeye mwenyewe. Askari walimpiga Jomar risasi kichochoroni katika msako wa mateja, cheti cha kifo kikasema nimonia, naye mama mtu akatia saini. Na serikali ikishasema umekufa kwa nimonia, basi umekufa kwa nimonia. Hata tundu la risasi litajifanya chunusi.

Mwanawe wa pili, Nilo, hakumsamehe. Waliishi chumba kimoja, wakala sufuria moja, lakini maneno yake yalikuwa ya kuhesabika. "Ulimkana kaka upate kuzika haraka," alimwambia siku moja. Jibu mama alikuwa nalo. Alilikalia miaka yote hiyo, nalo likamchoma.

Kisha akaja Wakili Baes, mwanamke mfupi mwenye sauti kubwa, aliyewatetea mateja wakati wenzake wakitetea mabenki. Alitaka mahakama iifute ile nimonia, na itamke kwamba mtumiaji wa dawa za kulevya ni mtu wa kutibiwa, si wa kuwindwa. Kaburi la maskini kule hukodiwa kwa miaka michache tu; muda ulikuwa umekwisha, mifupa ikatolewa, na daktari aliyeletwa na Wakili akakuta fuvu limetobolewa.

"Fuvu tunalo," Wakili alisema. "Ila watakuuliza kwa nini ulisaini. Utawajibu nini, mama yangu?"

"Nitasema niliogopa."

"Kila mtu aliogopa. Wewe uliogopa nini hasa?"

"Hilo niachie mwenyewe, mwanangu."

"Nikikuachia, watalichukua wao wakupige nalo."

Siku ya kesi Nilo alikuja, akakaa benchi la nyuma, kakunja mikono. Wakili wa serikali, kijana nadhifu kama aliyepigwa pasi pamoja na nguo zake, hakupoteza muda.

"Bibi, ulisaini nimonia. Leo unasema risasi. Ulidanganya lini, siku ile au leo?"

"Siku ile."

"Na tutajuaje kwamba siku ile ulijua ni risasi? Au umekaririshwa na mwenzangu hapa?"

"Nilimwekea kifaranga," alisema Mama Charing.

Hapakuwa na mtu mle ndani asiyejua maana yake. Kifaranga huwekwa juu ya jeneza la aliyeuawa. Kila kinapodonoa punje, kinaidonoa dhamiri ya muuaji. Aliyekufa kwa homa hawekewi.

Jaji, mama mtu mzima, akavua miwani. "Nani alikiona?"

"Wote waliokuja kukesha. Huyu mwanangu wa pili alikuwa bandarini anabeba samaki, aliporudi hakukikuta. Askari wawili walikuja na karatasi ya nimonia. Wakanywa kahawa yangu. Mmoja akakipapasa kwa kidole, akacheka. 'Mama, tangu lini nimonia ikawekewa kifaranga?' Nikasema ni cha watoto kuchezea. Nikakitoa. Kwa mkono wangu huu, kisha nikasaini."

"Kwa nini, Mama?" Wakili Baes aliuliza, na safari hii sauti yake ilikuwa ndogo.

Mama Charing alikaza macho sakafuni. Akisema, Jomar atasafishwa. Lakini mzigo utamshukia aliye hai, na atatembea nao hadi siku ya kuzikwa kwake. Ndiyo maana alikubali kuchukiwa. Mama huzoea kuchukiwa, alijiambia, ingawa hakuwahi kuzoea.

"Yule askari alisema, 'Mdogo wake naye tumesikia anavuta. Tukuletee jeneza la pili?'" Machozi yalimtoka, hakuyafuta. "Nikachagua, Mheshimiwa. Mmoja alikuwa amekwisha kufa."

"Karani, andika," jaji alisema.

"Hapana! Hilo msiandike." Mama Charing alikuwa ameinua mkono kama mtu anayezuia mlango. "Mengine yote andikeni, nifungeni kama nina kosa la kufungwa. Lakini mtoto msimtaje. Wale askari bado wako kazini."

Benchi la nyuma likakwaruza sakafu. Nilo alikuwa amesimama, uso umemvimba kwa kilio, na askari wa mlangoni akamwashiria aketi. Hakuketi.

"Andikeni," alisema. "Naitwa Danilo Macaraig, mdogo wake Jomar. Na ni kweli, nilikuwa navuta."