Kivuli cha Kiti cha Tisa

Bembea yetu ya kuzunguka ina viti kumi na sita, kila kimoja kimening'inia kwa minyororo inayokutana kwenye pete yake ya chuma. Mashine ikikolea, viti hutanuka kama sketi ya mtu anayejizungusha, na mimi ninayefagia hapo huona kama dunia yote inaelea.

Watoto waligombania kiti cha tisa. Kilikuwa kinaruka mbali kuliko vingine. Kipepeo, binti wa mjomba, hakukubali kingine.

"Wazito wanakipenda, ndiyo maana kinarushwa nje," mjomba aliniambia. Yeye ndiye mwendeshaji. "Hata wewe ukinenepa utaruka."

Nilicheka, lakini maneno yale hayakuniingia. Nyumbani nilifunga jiwe na msumari kwenye ukingo wa mwavuli kwa nyuzi za urefu mmoja, nikauzungusha. Vikapanda sawasawa. Nikaurefusha uzi wa msumari kidogo tu. Msumari, na wepesi wake wote, ukalipita jiwe.

Kesho yake, jua likiwa utosini na viti vikizunguka, nilichora mstari kwa mpini wa ufagio pale vivuli vyao vilipokomea. Kimoja kiliuvuka. Cha tisa.

"Si umeona kakaa yule baba mwenye kitambi?" mjomba akasema.

Baba mwenye kitambi akashuka. Kipepeo akakimbilia pale pale, akavua viatu, akajifunga mkanda.

"Mjomba, zungusha vitupu kwanza. Mara moja tu."

"Foleni yote hii, wewe unataka tubembeze hewa?"

"Hewa haina kitambi. Tuone kama itarushwa."

Mjomba akamfungua Kipepeo, naye akanuna hadi shingoni.

Mashine ikavuma. Vivuli kumi na tano viliogelea vumbini ndani ya mstari, polepole machoni mwangu, kama samaki wenye usingizi. Kimoja kikauvuka, vidole viwili. Kikarudi, kikauvuka tena, vidole viwili.

Mjomba alizima, akachukua ngazi, akapanda. Aliposhuka alikuwa na pete ya kiti cha tisa kiganjani. Ilikuwa imevutika kama yai, na pale ilipounganishwa imeachama.

"Sasa mimi nitakaa wapi?" Kipepeo akauliza.

Mjomba akaketi kwenye ngazi, akampakata. Nilipoanza kuufuta mstari, akaninyooshea mkono.

"Uache, mama. Kila asubuhi tutaanza na hewa."