Boksi la Mazoea

Tarehe tatu Machi, Jumatatu, kulikucha na manyunyu mepesi, ya kulowesha mabega lakini si ya kumrudisha mtu nyumbani kuchukua mwavuli. Mama Kaunta alifungua mlango wa maktaba, akajipangusa, akasimama nyuma ya meza ya kuazimia vitabu na kuomba dua yake fupi, kisha akawasha taa. Siku hiyo mafunzo kazini yalikuwa yanaanza. Umri wake ulishafika pale ambapo wenzake wanaulizia kiinua mgongo, na hakuna aliyewahi kumpeleka kusomea chochote. Alikuwa amevaa gauni lake zuri na kununua kalamu mpya.

Mwezeshaji alikuja na mashine ya kuazimia vitabu. Kuanzia sasa msomaji angeigusa mwenyewe, angechukua kitabu na kuondoka bila kusema na mtu. Mashine ilipokwisha kufungwa ukutani, mwezeshaji aliliweka katikati ya chumba boksi tupu la karatasi ilimokuja.

"Ndugu zangu, ubunifu unaanza kwa kuacha," alisema. "Kila mmoja ainame hapa, aseme kwa sauti zoea moja linalokula muda wake. Akishalisema, limebaki humu."

Mpanga rafu aliinama akasema huwa analamba kidole anapofunua kurasa. Tangu hapo kidole chake hakikulowa tena, hata akikitumbukiza kwenye ndoo. Mlinzi alisema husinzia mchana. Hajasinzia mpaka leo, na mkewe anasema hata usiku ni hivyo hivyo.

Mama Kaunta alifikiri kwa uaminifu, kama mtu aliye kwenye mtihani. Kilichokula muda wake kuliko vyote kilikuwa salamu. Kila aliyeingia alimwita kwa jina, akamuuliza habari za mtoto, za goti, za paa linalovuja. Hakutaka kudanganya siku yake ya kwanza darasani. Akainama.

"Kusalimia watu," akasema.

Wenzake wakampigia makofi.

Kesho yake Fundi Saa aliingia wa kwanza, kama kawaida. Alikuwa ametengeneza saa za mji mzima mpaka watu walipoacha kuvaa saa. Siku hizi alikuja kusoma gazeti, kuanzia ukurasa wa mbele hadi matangazo ya vifo, wakati mkewe mgonjwa amelala. Mama Kaunta alifungua kinywa. Aliweza kusema "gazeti liko pale" na "choo kimeharibika." Salamu haikuwemo.

Kutoka ofisini kwa Mkuu wa maktaba, juu ya kabati lilikowekwa boksi, sauti ya Mama Kaunta mwenyewe ilisikika wazi: "Karibu, Fundi Saa! Mama anaendeleaje na mguu?"

"Anapata nafuu kidogo," Fundi Saa alijibu kuelekea kule, akavua kofia, akaketi.

Mkuu alifurahi. Alilihamishia boksi mlangoni na kulibandika nembo ya mradi. Lilisalimia kutwa nzima bila kwenda kula wala kuomba ruhusa. Wageni kutoka makao makuu wakaja kulipiga picha.

Wasomaji walisalimiana na boksi, wakagusa mashine, wakatoka. Mama Kaunta alifuta vumbi kwenye meza isiyofikiwa na mtu. Jioni alipika chakula cha mtu mmoja, akala redio ikiongea. Hapo ndipo alipogundua kwamba salamu za kaunta zilikuwa ndiyo maongezi yake yote. Usiku alimsimulia Mungu mambo ya siku nzima, na hata hapo ilimbidi aanzie katikati.

Mwezi haukuisha, mke wa Fundi Saa akafariki. Walimzika Alhamisi, na Mama Kaunta alisimama makaburini nyuma ya watu wengine. Jumatatu mzee alirudi kwenye gazeti lake.

"Karibu, Fundi Saa! Mama anaendeleaje na mguu?"

Boksi liliuliza kwa sauti ya kujali kabisa. Lilijua yale aliyoyajua Mama Kaunta siku ile alipoinama, na hakuna aliyelifundisha zaidi.

Fundi Saa alishika kofia kifuani. "Anapata nafuu kidogo," akasema.

Mama Kaunta alitaka kumpa pole, lakini pole nayo ilikuwa imeondoka na salamu. Alimwekea gazeti mezani, akalinyoosha mikunjo kwa kiganja, hata pasipo na mikunjo. Kisha akaenda kwa Mkuu.

"Mkuu, naomba boksi langu."

"Lako kivipi, mama? Lina nambari ya mradi."

"Sauti ni yangu."

"Uliitoa mwenyewe, tena tukakupigia makofi. Mama yangu, tusirudi nyuma. Ijumaa mnapewa vyeti."

"Basi lifundishwe. Limuulize yule mzee kitu kingine."

"Fungu la mafunzo limeshaisha," Mkuu akasema, akarudi kwenye simu yake.

Mama Kaunta alikwenda kuketi karibu na Fundi Saa. "Wamekataa kuliondoa," alimwambia.

"Liondoke liende wapi?" Mzee hakuinua macho. "Mji huu hakuna mwingine anayemtaja mke wangu. Watu wakiniona wanavuka barabara, kana kwamba nina tetekuwanga. Liache liulize. Kinachonichosha ni kujibu tu, mama. Uzee huu, kila asubuhi nakuja kudanganya boksi la karatasi."

Ijumaa wageni wa makao makuu walijaza viti vya mbele. Fundi Saa alikaa nyuma na gazeti lake, kwa kuwa hakuna aliyemwambia kwamba maktaba imefungwa kwa sherehe. Mwezeshaji alitaka kila anayepokea cheti atoe ahadi kwa sauti mbele ya mashahidi. Mpanga rafu aliahidi kupenda kompyuta. Mlinzi aliahidi kuwahi kazini, maana usiku kucha alikuwa macho.

Mama Kaunta alipokea cheti chake kwa mikono miwili. Alikuwa ametamani kimoja maisha yake yote. Akapewa kipaza sauti. Wenzake wote walianza kwa kuwasalimu wageni. Yeye akaanza moja kwa moja.

"Naahidi mbele yenu nyote, na Mungu akisikia. Kila asubuhi, kabla Fundi Saa hajaingia, nitakuwa nimesimama mlangoni. Boksi likiuliza habari za mama, yeye apite akakae. Nitajibu mimi. Nitaliambia, 'Tulimzika Alhamisi.' Na kesho yake likiuliza tena, nitaliambia tena."