Chupa za Bertilla

Miaka kumi na tisa Bertilla alikuwa ameosha chupa za maabara ya shule ile ya Sumbawanga, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba ni mchafu. Mpaka alipokuja Mwalimu Polikarp.

Siku ya jaribio, wanafunzi walichovya karatasi za litmasi kwenye maji yaliyoyeyushwa mbolea ya SA, yaani salfeti ya amonia. Karatasi ya buluu ikageuka nyekundu, nao wakaandika walichokiona: ni asidi. Mwalimu akawapa sifuri wote.

"Mbolea hii ni chumvi, na chumvi zote hazina upande," alisema. "Asidi na besi zikishakutana, zimemalizana. Kama karatasi imekuwa nyekundu, basi chupa hazikuoshwa."

Jumatatu Bertilla akakabidhiwa barua ya onyo. Aliisoma mara mbili, kisha akaenda nayo moja kwa moja ofisini kwa mkuu wa shule, Mama Otilia. Mwalimu Polikarp alikuwa humo, anakunywa chai.

"Madamu, mimi sikuosha vibaya. Huyu ndiye hajui somo lake."

"Wewe!" Polikarp aliweka kikombe. "Kazi yako ni kuosha, siyo kufundisha."

"Nimewaandalia majaribio walimu kumi na mmoja kabla yako, na nilikuwa nasikiliza. Twendeni maabara. Chupa mtaosha nyinyi wenyewe."

Mama Otilia akainuka. Chupa akaziosha kwa mkono wake mwenyewe, kwa maji yaliyochemshwa, Polikarp amesimama mlangoni kakunja mikono. Bertilla hakugusa hata kijiko.

"Chumvi ya mezani, karatasi hazitabadilika," alisema kabla kitu hakijachovywa. "Asidi yake kali na besi yake kali. Magadi yametokana na besi kali na asidi dhaifu, kwa hiyo nyekundu itakuwa buluu. SA ni kinyume chake: asidi kali, besi dhaifu. Buluu itakuwa nyekundu."

Ikawa hivyo hivyo, moja baada ya nyingine.

"Umekariri hizo tatu," Polikarp alisema. Akachomoa kopo kutoka kabati la juu. "Hii je? Chumvi ya siki na kostiki soda."

"Siki ni dhaifu. Kostiki ni kali, inachubua mikono. Nyekundu itageuka buluu."

Mama Otilia akachovya. Rangi ilikuja polepole, lakini ilikuja, buluu.

"Mwalimu," alisema Mama Otilia, "utasahihisha upya karatasi zote leo. Na barua hii naichana."

"Haitoshi, Madamu," Bertilla alisema. "Aliniita mchafu mbele ya watoto. Aseme mbele ya watoto."

Asubuhi iliyofuata, upepo wa baridi ukiwapiga wanafunzi mstarini, Polikarp alisimama mbele yao. Aliwaambia alama zao zimerudishwa. Akakohoa. "Kuhusu chupa, kulitokea kutoelewana kidogo."

"Kutoelewana na nani?" Bertilla aliuliza kutoka nyuma, kwa sauti iliyofika mpaka kwenye bendera.

Wanafunzi wote waligeuka. Mwalimu aliangalia viatu vyake, halafu akamwangalia yeye.

"Nilikosea," alisema. "Chupa zilikuwa safi. Nisamehe, mama."

Bertilla alijifunga khanga kiunoni, akaenda kufungua maabara.